Farasi wa Harusi na Macho ya Mama

Sogeeni, wenye masikio. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imeshawagombanisha watu waliokula sahani moja.

Palikuwa na ndugu watatu upande huu wa mto. Fumo, kaka mkubwa, alikuwa na subira ya kukaa. Batuli, wa kati, alikuwa na mikono miepesi; akisuka ukili, haukatiki hata unyuzi. Shekue, kitinda mimba, alikuwa mbishi: akishaamua jambo, utachoka wewe. Mama yao alikuwa ng'ambo, alikokwenda zamani kumuuguza bibi yao, naye akaugulia huko huko.

Siku moja mchuuzi wa asali akaleta salamu. "Mama yenu anapofuka. Anataka kuuona uso wa mwanawe kabla giza halijamfika."

Na mvua zilikuwa karibu. Mto ukijaa, njia hufungwa hadi mavuno, na hadi mavuno macho yale yangekuwa yamekwisha. Kwa miguu wasingewahi.

Marehemu baba yao aliwaachia farasi mchanga, Marashi. Lakini Marashi alifunzwa kubeba mabwana harusi. Ukimgusa mbavu kwa kisigino, hucheza papo hapo. Ukivuta hatamu, hupiga magoti kumwamkia bibi harusi. Akisikia ngoma, basi tena! Kwa mwendo huo hata kisimani hufiki.

Fumo akapanda. Kisigino kikagusa, Marashi akacheza. Fumo hakumpiga wala hakushuka, alikiacha kisigino pale pale, akatulia kama gunia, majirani wakimcheka: "Bwana harusi, bibi yuko wapi?" Farasi alipochoka kucheza akapiga hatua moja mbele, na kisigino kikaondoka. Walirudia hivyo hadi Marashi akaelewa kwamba kisigino maana yake ni twende.

Batuli akashika hatamu, akitembea kando yake. Farasi alipokunja magoti, alimtembeza tena. Aliposimama wima, alilegeza mara moja na kumkuna shingo. Akamfunza pia kugeuka, kulia na kushoto. Kila alipolegeza alisema moyoni, "Mama, nakuja." Siku mama alipoondoka, Batuli alijificha nyuma ya ghala kwa hasira za kuachwa. Alisikia jina lake likiitwa na hakuitika.

Wakadhani kazi imekwisha. Kumbe njia nzima ina vijiji, na ulikuwa msimu wa kutwanga! Mchi wa kwanza uliposikika ukilia kama ngoma, Marashi akasahau yote, akacheza. Basi Shekue akapeleka kinu bandani. Akatwanga asubuhi, akatwanga jioni; mtama ulipokwisha akatwanga makapi. Mwishowe Marashi akawa anakula majani kando ya kinu bila kutikisa hata sikio.

Farasi akawa tayari. Mgongo wake ulikuwa bado mchanga, haubebi wawili, na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mto.

"Mama alinibeba mimi kwanza," alisema Fumo. "Akisema uso wa mwanawe, huu ndio anaoukumbuka."

"Wewe unamkumbuka, kaka," alisema Shekue. "Mimi aliniacha kwenye kanga ya shangazi. Hajui nimekuwaje, nami sijui mama yangu ana sura gani."

Batuli alimkuna Marashi shingo. "Aliniita," alisema, "sikuitika."

Hatamu zilikuwa mkononi mwake, na hakuna mkono Marashi aliouheshimu kuliko huo. Alitamani sana kumwona mama yake. Angeweza kupanda, na nduguze wasingemshusha. Akamtazama Fumo, akamtazama Shekue aliyekuwa akifuta machozi kwa kiganja chenye malengelenge ya mchi. Tone la kwanza la mvua likamwangukia Batuli begani.

Haya, semeni. Bila kisigino farasi asingeondoka, bila hatamu asingesimama wala kugeuka, bila kinu angeishia kijiji cha kwanza. Na yule mama ataona uso mmoja tu, kisha basi. Wewe ungempandisha nani? Na wale wawili wanaobaki, ungewaambia nini?