Sajini Aliyeachiwa Zamu

Jana mlinisikia nikimwambia jirani yetu, Bwana Mwachuo, aliyeandika "Mbwa Mkali" getini kwake na hata paka hana: "Mlinzi wa matambara halali, lakini haamshi." Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Haya, kaeni. Chanzo chake, kwangu mimi, ni uvumi ulioniganda kama kupe.

Nilikuwa napeta mchele hapa hapa Likoni, akaja Mwanasiti wa nyumba ya pili, leso imeziba mdomo. Ati mabaharia wa meli moja wameona maiti ikielea huko mbali kaskazini. Imevaa ovaroli ya buluu, na kifuani imeandikwa MBWANA.

Mbwana ni mwanangu wa kwanza. Naye alikuwa maji hayo hayo, baharia wa meli ya mizigo. Nikapiga simu yake, haikuita. Nikampigia wakala aliyemwajiri, akasema wanafuatilia. Watu wakaanza kuja na mikeka, nikawafukuza. "Sikai matanga ya mtu ambaye sijamwona," nikawaambia. Lakini nilipoingia chumbani niliketi juu ya nguo zake.

Sasa sikilizeni yaliyotokea kule melini, kama alivyokuja kunisimulia mzee Shekuwe, serahangi wao, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha.

Zamani meli yao ilipita kule na walinzi wa kukodi wenye bunduki. Kisha mafuta yakapanda bei, bima nayo ikapanda kwa sababu ya maharamia wanaoteka meli maji hayo, na mwenye meli akaanza kubana. Walinzi wakateremshwa. Meli ikaamriwa iende polepole ili itumie mafuta kidogo. Na badala ya walinzi, mabaharia wakaambiwa watengeneze sanamu. Wakazijaza ovaroli kuukuu matambara na chupa tupu za plastiki, wakazivisha kofia ngumu, wakazishikisha bunduki za mbao na kuzifunga kwenye ukingo wa meli, ili haramia akitazama kwa mbali aogope.

Sanamu ya nyuma kabisa waliipenda, wakaiita Sajini. Mwanzoni alisimama naye mtu wa kweli wa zamu. Lakini kila ilipofika saa ya chai, mtu huyo alimpigia Sajini saluti, akasema, "Afande, nakuachia," akaenda jikoni kwa wenzake. Mzee Shekuwe aliwakemea siku za kwanza, kisha naye akazoea. Mbona hakuna lililotokea? Wakaamini kweli Sajini anawalinda.

Asubuhi moja zamu ilikuwa ya Mbwana. Akapiga saluti, akaenda kunywa chai. Akarudi na kikombe mkononi, anatania tangu mbali:

"Afande! Utakunywa chai, au umefunga?"

Sajini kimya, kofia imeshuka usoni.

"Haya, funga. Lakini mahamri yangu usiyatolee macho."

Sajini akajikuna paja.

Mbwana akasimama. Akajiambia ni upepo. Akatazama chini, akaona miguu mitupu inachuruzika maji, na pembeni yake ndoana ya ngazi imeng'ata ukingo wa meli.

Kikombe kikamtoka. "Maharamia! Shukeni chini! Maharamia!"

Mabaharia wakakimbilia chumba cha mashine, chenye mlango mzito wa chuma. Mzee Shekuwe akasimama mlangoni anaita majina, kila aliyeingia anaitika.

"Funga!" nahodha akasema.

"Bado mtoto wa Likoni."

"Shekuwe, nimesema funga mlango!"

"Nafunga, nahodha. Bawaba zimekauka hizi, zinataka mafuta."

Juu miguu ilikuwa inakimbia, na haikujulikana ni ya nani.

Huku nyumbani mikeka ilikuwa imerudi, na safari hii sikuwa na nguvu ya kuifukuza. Simu ikalia.

"Mama."

Nikaitazama simu, nikairudisha sikioni.

"Mama, mbona kimya? Ni mimi, Mbwana."

"Mbwana gani?"

"Wako, mama. Kwani umezaa Mbwana wangapi?"

"Umeonekana baharini umekufa! Na jina lako kifuani!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Huyo ni Sajini, mama! Nilimvisha ovaroli yangu kuukuu. Haramia alichukua kofia na bunduki yake, akamtupa majini, akasimama mahali pake huku wenzake wanapanda. Zile chupa tumboni hazikumwacha azame."

Mwanangu alikuwa ameingia wa mwisho, kajitupa ndani kama gunia. Walizima mashine wakajifungia. Maharamia waligonga mlango mpaka mikono ikawauma, mateka hawana, meli haiendi. Wanajeshi wa majini walipoonekana, wakarudi mashuani mwao wakatoweka.

Nikatoka uani. "Kunjeni mikeka," nikasema. "Nusura tusomee matambara hitima!" Mwanasiti alicheka wa kwanza, huku analia. Mchele wa matanga tukaupikia pilau.

Mbwana aliporudi alikuja na mzee Shekuwe kunisalimia. Nikamuuliza, "Kwani pale nyuma hamkuweka mlinzi?"

Mzee akatazama chini. "Tulimweka, mama. Hata usingizi hakuwa nao. Lakini mlinzi wa matambara halali, lakini haamshi." Maneno hayo yakatoka uani kwangu, yakaenea mtaani.

Basi nyinyi mnaotaka kwenda baharini, na hata mtakaobaki nchi kavu, epukeni haya:

Kuacha zamu kwa sababu jana hapakutokea kitu.

Kupanda meli iliyoteremsha walinzi, ikakupa wewe sindano ushone sanamu.

Kudhani kinachomtisha mwizi kwa mbali kitamzuia akishafika.

Kutandika mkeka kwa habari ya mtu aliyeambiwa na mtu.

Na kuacha geti wazi, Bwana Mwachuo, maana najua unasikiliza hapo ukutani. Mlinzi wa matambara halali, lakini haamshi.