Zimwi Mlinzi wa Kibubu

Hadithi yaja, ipokeeni! Palikuwa na Mwanaate, mkaanga vitumbua, na mumewe Shekue, mpenda sifa. Akiba yao ilikaa kwenye kibubu, na kibubu kililindwa na zimwi la stoo kwa ujira wa sarafu moja kila wiki.

"Asikifungue mtu mpaka Idi ipite," Mwanaate aliliagiza.

Kumi la kwanza la Ramadhani, Mwanaate akarudi kutoka sokoni akakuta mapazia mapya. "Wageni watasemaje?" akasema Shekue. Kumi la pili, akakuta kanzu mpya yenye darizi. "Wageni watasemaje?" Kumi la tatu, akakuta mbuzi wawili wanalia uani. "Wageni watasemaje?"

Mwanaate akalivamia zimwi. "Mlinzi gani wewe!"

"Mama, kila mumeo alipokuja kukifungua nilimwuliza, baada ya Idi mtakula nini? Akajibu, Mungu atatoa. Mwenye nyumba yule, nimng'ate?"

"Ungemng'ata!"

Idi ikafika. Wageni wakala, wakasifu pilau, wakaenda zao. Kesho yake hapakuwa na hata mchele wa kuloweka kwa vitumbua. Mwanaate akatikisa kibubu, ikalia sarafu moja.

"Hiyo ilikuwa ujira wangu," zimwi likasema kwa haya. "Nimekuachia."

Shekue akanyoosha mkono. Mwanaate akaifumbata sarafu.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili limenijua mwaka mmoja, limenibakishia. Wewe, mume wangu, unanijua miaka kumi na miwili."

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayecheka, kwanza akatikise kibubu chake.