Moto Hauna Mkwe

Paukwa, wajukuu. Itikieni pakawa kwa nguvu, maana sikio langu la kushoto nililisahau Kigoma, na la kulia linasinzia.

Hapo kale, kale ile ambayo mawe yalikuwa bado laini, palikuwa na mtu aitwaye Mtitu. Aliishi milimani, kule ambako kipupwe kikiingia, sakitu, umande ulioganda kwa baridi, hulala juu ya majani kama unga, na watu huoga kwa kukumbuka tu. Msicheke. Hata mimi nimeoga hivyo.

Kipupwe kilikuwa wakati wa kuchoma vichaka, kuandaa mashamba ya ulezi. Na kuchoma kulikuwa na adabu zake. Kwanza unalima kinga, ukanda wa udongo mtupu, pande zote nne. Kisha unawaita majirani waje na matawi mabichi. Kisha unawasha alfajiri, sakitu ikiwa bado chini. Upepo wa alfajiri umelala, upepo wa mchana una miguu. Semeni nami: una miguu.

Basi Mtitu akalima kinga upande wa chini. Akalima kushoto. Akalima kulia. Upande wa juu akauacha. Kisa? Juu pale alikaa mama mkwe wake, Bibi Sekinyaga, na enzi hizo mama mkwe hatazamwi usoni, hasemeshwi, hata kivuli chake hakikanyagwi. Mtitu angeinamaje na jembe, makalio yakielekea ua wa mkwe?

Mkewe akamwambia, "Basi nikalime mimi. Ni kwa mama yangu."

"Acha," akasema Mtitu. "Moto wenyewe ukifika pale utaona aibu, utarudi."

Majirani hakuwaita, asije mmoja akauliza habari za upande wa nne. Na alfajiri hakuamka, ngozi ya mbuzi aliyojifunika ilimng'ang'ania. Hapo simlaumu sana, mnanijua. Akawasha jua likiwa utosini.

Na upepo wa mchana una nini? Ehee.

Moto ukafika kinga ya chini, ukafa. Ukafika kushoto, ukafa. Ukafika kulia, ukafa. Ukatazama juu, ukaona njia nyeupe, ukapanda. Na huko juu Bibi Sekinyaga alikuwa na nyumba mpya ya nyasi, haina hata mwezi, na ndani yake ulezi wake wa mwaka mzima.

Mtitu akakata njia ya mkato, akautangulia moto, akamkuta Bibi uani anatwanga. Akaokota tenga, akalivaa kichwani mpaka mabegani, akageuza mgongo, akasema na kinu.

"Kinu, mwambie mwenyewe, kuna moshi."

Bibi akasimamisha mchi. "Kinu, muulize huyo mwenye tenga, ni moshi wa nani?"

"Kinu, mwambie ni wa mtu wa hapahapa karibu."

"Kinu, muulize, mtu huyo alilima kinga?"

"Kinu, mwambie... pande tatu."

Cheche ikaja na upepo, ikatua juu ya tenga, tenga likaanza kufuka. Mtitu hana habari, bado anakieleza kinu jinsi upande wa nne ulivyo mgumu.

"Mtitu," akasema Bibi, jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu siku ya mahari, "kichwa chako kinawaka. Vua tenga, shika jembe, na unitazame upendavyo."

Wakalima, mkwe na mkwe, kiwiko kwa kiwiko. Mke wa Mtitu naye akapanda mbio na majirani, matawi mabichi mikononi. Moto ukaja, ukakuta udongo, ukafa hatua nne kutoka mlangoni. Lakini ulikuwa umeshakula nyusi za Mtitu na nusu ya heshima yake.

Jioni akaja kuomba radhi, kapiga magoti, macho chini. Bibi akamwambia, "Mwanangu, moto wako haukuniona mkwe. Tangu leo, mwenye jembe la kinga afike mpaka mlangoni kwangu, na aseme na mimi. Kinu changu kimechoka."

Ikawa ndiyo desturi ya mlima ule.

Mtitu alikuwa babu wa babu yangu. Hamzioni nyusi zangu zilivyo haba? Nimetembea nchi nyingi, nimekula kwa watu na nimefukuzwa kwa watu, lakini sijauona moto unaojua undugu. Lima pande nne, ita jirani, amka mapema.

Kisa changu nimekifukia udongo na kukimwagia maji. Atakayekuta kaa limebaki asilipulize. Aniletee, nichomee kiazi.