Mafuta Mengi ya Bi Kazija

"Karafuu hulinda kizima, haifufui kilichooza." Mmelisikia neno hilo sasa hivi barazani, mkauliza nani alilitoa. Basi sogeeni, tubanane. Methali hii ilianza hivi.

Huko Pemba, kwenye vilima vya mikarafuu, Bi Kazija ndiye aliyetunza mbegu za viazi vikuu za ukoo wake. Kila mavuno, viazi viligeuzwa kimoja kimoja na kubonyezwa kwa dole gumba. Chenye jeraha kilitupwa. Vilivyobaki vilipanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya majani ya mkarafuu, ukungu usivikaribie. Vikakaa ghalani hadi masika, vizima kama vilivyochimbwa jana.

Mwaka mmoja Bi Kazija alikuta viazi vya pembeni vimeanza kulainika. Alijua la kufanya: avitoe vyote nje, achambue upya. Lakini kijiji kile kilikuwa na midomo! Habari za rundo la uozo mlangoni pako zingefika kisimani kabla yako. Na nyumba yake haikukauka wageni, naye alipenda sifa kuliko chakula. Akajifungia ghalani, akavimiminia mafuta, vizima kwa vibovu. Nje kukanukia raha tupu.

"Mkono wa Kazija una baraka," walisema wapita njia. Akatabasamu, akaubana mlango wa ghala.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kaka yake Hamadi alikuja na mkewe, Raya, kuchukua mbegu. Raya akashika kiazi kilichong'aa. Dole likazama lote.

"Wifi, hiki nini?"

"Shika kingine, wifi. Hicho kimoja tu."

Kingine kikapasuka, maji meusi yakamtiririka hadi kiwiko.

"Hata hiki! Na hiki! Kumbe ulijua?"

"Nilitia mafuta, Raya. Nilitia mengi."

"Ungeitupa nusu iliyooza, dada," Hamadi alisema taratibu, "nusu tungepanda."

Hapakuwa na cha kupanda. Njaa ikaingia bila hodi. Watu wakaenda msituni kuchimba ndiga, kile kiazi mwitu chenye sumu, ambacho huloweshwa mtoni siku nyingi ndipo kiliwe. Watoto wa Hamadi walilia mpaka sauti zikakauka. Baba yao akaopoa ndiga mapema, akala yeye kwanza ajue kama zinafaa. Jioni hakuiona.

Kwenye matanga ya Hamadi, Bi Kazija alijikokota kwa magoti hadi kwenye mkeka wa Raya.

"Nisamehe, wifi. Shamba langu lote chukua. Wanao nitawalea mimi, nitakulimia, nitakuchotea maji. Sema lolote unalotaka."



Raya hakuinua uso.

"Ungesema siku ile ulipoviona, ningekushukuru," alijibu. "Leo unanipa nini? Karafuu hulinda kizima, haifufui kilichooza."