Jina Moja Juu ya Kifuniko

Haya, nyie mnaojiita mahakimu, kaeni chini. Kisa hiki kimewashinda wenye vyeti.

Kule Taita, kwenye redio ndogo ya kilimani, walikuwako mafundi watatu. Wakesho alijua hesabu za mawimbi. Maghanga alisokota waya wa shaba ukadhani umezaliwa umejikunja. Righa akigusa skrubu, mtambo unatii.

Basi mtambo wao ukaanza kumwaga muziki kwenye simu ya upepo ya zahanati. Muuguzi aliita gari la wagonjwa, akajibiwa na ngoma. Mkaguzi akawapa siku tatu: watie chujio la kuzuia mawimbi yasivuje, la sivyo redio ifungwe.

Wakesho akapiga hesabu. Chujio ambalo mstari wake kwenye kioo cha kipimo ni tambarare, akawaambia, halikati upesi, muziki utazidi kuvuja. Afadhali mstari huo uwe na vinundu vidogo, mradi vyote vilingane kimo. Hapo chujio litakata kama panga.

Maghanga akasokota koili tano za waya za kutia ndani ya chujio. Mbili zikapungua nusu mzunguko, akazitupa, akaanza upya, vidole vikivuja damu.

Righa akaketi mbele ya kioo cha kipimo. Akaona kinundu kirefu, akakilaza kwa kuzungusha skrubu ya chujio. Cha pili kikainuka. Akakilaza hicho, cha tatu kikainuka.

“Usipendelee,” Wakesho akamfokea. “Vilinganishe.”

Akalegeza hapa, akakaza pale, mpaka vyote vikasimama sawa. Zahanati ikaita, gari likaitika.

Sasa, desturi ya karakana ile: aliyetengeneza chombo huchora jina lake kwenye kifuniko kwa msumari, na mwenye jina ndiye hushika ufunguo wa chumba cha mtambo. Jina moja, ufunguo mmoja. Wakesho alipogeuka, Maghanga alikwisha kuchora M na A.

Wakesho akampokonya msumari. “Bila hesabu zangu ungesokota mitego ya panya.”

“Na karatasi yako ingechuja nini? Chai?”

Righa hakupaza sauti. Aliweka bisibisi juu ya skrubu. “Nizungushe hii kidogo tu, tuone kama majina yenu yatachuja.”

Wakesho akatazama kioo. Vinundu vyote sawa; ukishusha kimoja, kingine kinapanda. Alilijua hilo kuliko wote, na bado msumari haukumtoka mkononi. Mlangoni mkaguzi anabisha, anauliza mwenye ufunguo ni nani.

Mbona mmeacha kucheka? Shikeni msumari basi, na herufi mbili za Maghanga ndizo hizo. Je, mngezifuta? Mngechora jina la nani?