Kapela wa Vidole Sita

Sogeeni, na mwenye hasira aje nazo, maana mimi zangu sikuziacha nyumbani.

Hapa Tabora palikuwa na binamu watatu. Nyamizi alijaliwa macho: sura akiiona mara moja, haimtoki. Mihambo alijaliwa kumbukumbu. Ukoo mzima anao kichwani, waliozaliwa na waliopotea. Ngassa alijaliwa ubishi. Msicheke, ubishi nao ni kipaji.

Babu wa babu yao, Kapela, alikuwa mpagazi. Zama za misafara, afisa mmoja wa Kibelgiji alimchukua akamvusha bahari, na hakurudi. Hakukuwa na maiti wala kaburi, na matanga yake hayajaanuliwa hadi leo.

Nyamizi alikwenda Ubelgiji na kwaya ya kanisa. Siku ya kutembezwa wakaingizwa kwenye jumba la makumbusho, na ukutani akakuta picha ya rangi ya mafuta: mwanamume mweusi, koti la jeshi, mkono juu ya kifua. Sura ni ya baba yake mtupu. Vidole ni sita, kama vyake yeye Nyamizi. Chini wameandika: “Mwanamume. Kidole cha ziada ni kosa la mchoraji.” Yaani walimkalisha kitini, wakamchora mpaka kucha, na jina hawakumwuliza.

Nyamizi akasema huyu ni Kapela wetu, arudi nyumbani. Wenye jumba wakataka ushahidi. Mihambo, ambaye picha hajaiona, akawaambia kwa simu, “Tazameni nyusi ya kushoto. Pana kovu. Mzigo wa pembe ulimwangukia njia ya Karema.” Wakatazama. Kovu lilikuwepo, nao siku zote walidhani ni uchafu.

Wakasema basi, ni wenu, ila hapa anatunzwa vizuri zaidi. Hapo ndipo Ngassa alipoanza. Aliandika, akapiga simu, akawasumbua miaka. Wakamtumia nakala, akairudisha. “Nyinyi mkifiwa,” aliwauliza, “huwa mnapewa nakala ya maiti?” Mwishowe walichoka wao, picha ikaletwa.

Ukoo ukakusanyika. Mihambo alikuwa ameshachimbisha kaburi. “Azikwe,” alisema, “matanga yaanuliwe.”

“Tumtoe Ubelgiji tukamfiche udongoni?” Nyamizi akasema. “Atundikwe, watoto wamwone.”

Ngassa akachomoa kisu. “Kwanza hilo koti litoke. Ni la waliomchukua. Simziki nalo, wala simtundiki nalo.”

“Ukikata koti, unakata na mkono,” Nyamizi akamwambia. Akasimama mbele ya picha, na Mihambo akamshika Ngassa kiwiko. Damu moja, na walitazamana kama maadui.

Shangazi yao Nyanzobe, mkubwa wa ukoo, akawanyamazisha. “Kapela ni mmoja, hagawanywi. Neno ni la yule aliyemrudisha nyumbani. Wengine watamfuata.”

Kila mmoja akasema ni yeye. Bila macho ya Nyamizi, nani angejua yuko wapi? Bila kumbukumbu ya Mihambo, angebaki kosa la mchoraji. Bila ubishi wa Ngassa, angekuwa bado anatazamwa na wageni waliolipa kiingilio.

Kaburi liko wazi, kisu kiko mkononi, na ukuta umeshapigwa msumari. Waliomchukua Kapela hawakumwuliza mtu. Sisi tunakuuliza wewe: kati ya hao watatu, neno ungempa nani?