Maji ya Kilimani

Palikuwa na mtu, jina lake Chilewa, aliyekuwa na punda mmoja na mtumishi mmoja. Kijiji chao kilikuwa juu ya kilima, na kisima kilikuwa chini bondeni. Kila asubuhi mtumishi huyo, aliyeitwa Ndahani, alimteremsha punda hadi kisimani, akajaza madumu, akampandisha. Watu wa kijiji walisimama juu na ndoo zao wakimsubiri. Chilewa aliwapimia maji, nao walimpa mtama. Hapakuwa na ubaya katika hilo. Watu lazima wanywe.

Habari hii nimeisimulia mahali pengi. Watu hutikisa vichwa, husema ni kweli kabisa, kisha huondoka kwenda kula. Nimechoka kutikisiwa vichwa. Lakini sina habari nyingine ya kuwaambieni leo, kwa hiyo sikilizeni hii hii.

Punda alikuwa jike, naye alizoea kubeba madumu manne. Mwaka mmoja mvua zilikuwa haba, kisima cha upande wa pili wa kilima kikakauka, na watu wenye ndoo wakaongezeka pale juu. Chilewa akaongeza dumu la tano. Punda akapanda. Akaongeza la sita. Punda akapanda, ila sasa alikuwa akisimama njiani. Ndipo Chilewa akakata fimbo ya mkole, akampa Ndahani, akamwambia asiirudishe nyumbani ikiwa nzima.

Ndahani hakuwa mtu wa kupiga. Siku ya kwanza alipiga huku amefumba macho. Baada ya mwezi alipiga macho yakiwa wazi, akiwaza mambo mengine. Hilo limeniogopesha kuliko yote nitakayowaambieni.

Shogi, lile tandiko la kubebea mizigo, ilimchubua punda mgongoni, na penye mchubuko pakawa kidonda. Ndahani alikunja gunia akaliweka chini ya shogi, lakini gunia liliteleza kila walipopanda, na mzigo ukaendelea kusaga nyama. Nzi wakaja. Harufu ikaja. Asubuhi moja, mbele ya watu wote waliokuja kununua maji, Ndahani alimwendea bwana wake akasema, "Mzee, mgongo wa punda umeoza. Tumpumzishe, hata siku tatu tu."

Chilewa alikuwa akipima maji, hakuinua kichwa.

"Kidonda ni chake," alisema. "Maji ni yangu."

Watu wakacheka. Halikuwa jambo la kuchekesha, lakini lilisemwa vizuri, na watu walikuwa wamechoka kwa jua na kiu. Walicheka, wakajaza ndoo zao, wakaenda. Jioni ile mume mmoja alimjibu hivyo hivyo mkewe aliyelalamika mgongo kwa kupalilia peke yake. Mama mkwe akamwambia mkaza mwanawe. Kabla ya mwezi kuandama neno lile lilikuwa limeingia kila nyumba, na kila aliyelitumia alijiona amesema kitu cha kijanja.

Miongoni mwa waliocheka alikuwapo mjane mmoja aitwaye Mbeleje. Msimdhanie vibaya. Mbeleje ndiye aliyepika uji wa wagonjwa pale kijijini, na mtu akifiwa yeye ndiye aliyefika wa kwanza na jungu lake. Alicheka kama wengine.

Punda aliendelea kubeba sita mpaka siku alipopiga magoti kwenye mteremko na fimbo ikavunjika bila yeye kuinuka. Chilewa akakubali kumpunguzia. Akamrudishia madumu yake manne. Na yale mawili, kwa kuwa watu juu walikuwa bado wana kiu, akamfungia Ndahani kwenye mzega, mti wa kulalia begani, dumu moja mbele na moja nyuma.

Mngeniuliza kwa nini hakukataa. Kwao kulikuwa na njaa kubwa kuliko ya hapo, na mama yake alikula kwa kile kidogo alichopelekewa kutoka kwa Chilewa. Basi akabeba. Wakawa wanapanda wawili, yeye na punda, na tangu siku ile hakumpiga tena. Walipumzika pamoja pale njia inapokata kona, wote vichwa chini.

Bega lake nalo likachubuka. Shati likagandia, akawa analibandua kila jioni kwa maji ya uvuguvugu. Mtu mmoja pale juu aliona damu, akamwonyesha mwenzake, kisha akamwambia Ndahani, "Kidonda ni chako!" Hakuhitaji kumalizia. Watu walicheka. Hata Ndahani alicheka, maana mtu akichekwa na kijiji kizima hana mlango mwingine wa kutokea.

Sasa sikilizeni siku ya kuanguka kwao.

Ilikuwa asubuhi ya joto, wiki chache kabla ya mvua. Watu juu walikuwa wengi kuliko siku zote, na wamesubiri sana. Walimwona punda akitokea kwenye kona, na Ndahani nyuma yake. Kisha punda akateleza kwenye changarawe, akaenda kwa ubavu, akamgonga Ndahani. Wote wawili wakabiringika mpaka mti mmoja ulipowazuia. Madumu yalipasuka. Maji yakatiririka njiani, na vumbi likayanywa papo hapo.

Watu wakapiga yowe, wakateremka mbio. Ndahani alikuwa amelala chali, mkono wake umekunjika vibaya chini ya mzega, na alipowaona wakija alidhani wamekuja kwa ajili yake. Mbeleje ndiye aliyetangulia kufika. Aliinama juu yake, akihema.

"Yamemwagika yote?" aliuliza.

Ndahani akamtazama. "Yote, mama," alijibu. "Nisameheni."

 Mbeleje akakaa chini palepale njiani, na watu wakampita kulia na kushoto wakiokota madumu na kuyatikisa kusikia kama yana kitu. Moja lilikuwa na maji kidogo. Alilinyakua kutoka mkononi mwa jirani yake. Akavua kanga ya kichwani, akailowesha, akaanza kubandua shati la Ndahani begani, taratibu, huku akilia bila sauti. Alipomaliza bega alimgeukia punda, aliyekuwa bado amelala na shogi yake, akakata kamba, akamwosha mgongo.

"Unamwogesha punda kwa maji ya kunywa!" mtu mmoja alipiga kelele.

"Ndiyo," alisema Mbeleje, akaendelea.

Ningependa kuwaambieni kwamba kijiji kiligeuka siku ile. Hakikugeuka. Wanaume wanne walimbeba Ndahani mpaka nyumbani kwa Mbeleje, na hilo walilifanya vizuri, kwa uangalifu. Mkono uliunga, lakini haukupanda tena juu ya kifua. Mvua ziliponyesha alirudi kwao, akamkuta mama yake hai. Punda naye Mbeleje alimpeleka kwake, lakini alikuwa mali ya Chilewa, na Chilewa alikuja kumchukua siku ya tatu baada ya kuanguka. Mbeleje alisimama mlangoni akamsihi, akamwomba, hata akamtukana. Chilewa alishangaa kweli. Hakuwa amemkosea mama huyu jambo lolote. Akamfunga punda kamba, akaenda naye, na kabla ya mwezi kwisha punda alifia kwenye mteremko akiwa na madumu manne mgongoni. Chilewa akapata punda wawili, na mtumishi mwingine.

Chilewa aliishi miaka mingi. Hakuugua ugonjwa wa ajabu, wala radi haikupiga nyumba yake. Najua mlikuwa mnaingojea radi. Mimi pia niliingojea.

Lakini Mbeleje hakusimama tena pale juu. Kila alfajiri alishuka mwenyewe hadi kisimani, akapanda na nusu ndoo kichwani, kwa sababu nusu ndiyo aliyoiweza. Alikoga kidogo, alifua mara chache, na uji wa wagonjwa aliupika mzito. Wengine walisema anajidai. Wengine walisema kuanguka kwa Ndahani kulimtia kichaa. Alipoulizwa na shemeji yake kwa nini anajitesa, alijibu kwamba hajitesi, anajua tu sasa ndoo moja ina uzito gani. Hakuwahubiria wenzake. Wawili watatu walianza kushuka naye, kisha mmoja akaacha.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mkirudi nyumbani mtasema mzee yule wa maji alikuwa mkatili, na mtakuwa mmesema kweli, na kweli hiyo haitawagharimu kitu. Kwa hiyo niambieni, ninyi ambao hamjawahi kushika fimbo: maji mliyokunywa leo asubuhi yamepandishwa kwa mgongo wa nani?